Kigoda cha Mama Ndeshi

Naapa kwa cheti changu cha masomo ya jioni, nilichokisotea kwa mwanga wa koroboi mpaka nyusi zikaungua: haya niliyaona kwa macho yangu, tena saa saba mchana, jua la utosi. Anayesema mizimu hutoka usiku tu hajafanya kazi kiwandani.

Enzi zile za Ujamaa nilikuwa katika kiwanda cha umma cha sharubati, Moshi. Chupa zikishajazwa na kufungwa vizibo, zilikwenda kwa akina mama waliobandika lebo kwa mkono, kwa gundi ya unga wa muhogo. Mkubwa wao alikuwa Mama Ndeshi wa Uru. Huyo mama, niamini, angeweza kumbandika nyoka lebo mgongoni na nyoka asijue. Alifariki wakati wa masika, tukamzika kihambani kwake, kwenye migomba yake. Jeneza nililibeba mimi na wenzangu.

Haukupita muda ikaletwa mashine ya kubandika lebo, kubwa kama kanisa la Machame. Kazi ya kuiunganisha na mkanda wa chupa akapewa rafiki yangu, fundi Elisante, na wageni wa mkoa walikuwa njiani kuja kuizindua.

"Ndugu fundi," meneja akamwambia mbele yetu sote, "ikikuaibisha mbele ya wageni, utarudi Mwika kuchuma kahawa."

Na mke wa Elisante alikuwa ndiyo kwanza amejifungua, bado yuko ndani anakunywa mtori, supu ya ndizi ya wazazi.

Sasa sikia. Lebo zilitoka mashineni zimenyooka kama askari wa gwaride. Zikifika kwenye makreti, zote miguu juu! Elisante akapunguza mwendo wa mkanda, akakaza reli za pembeni, akabadili gundi. Wapi!

"Mashine yako imekunywa mbege," nikamtania.

Akacheka. Kesho yake hakucheka tena.

Wenzetu walipokwenda kula, nilibaki nikiukodolea macho mkanda. Ndipo nikamwona mama mmoja amechuchumaa kati ya mashine na makreti, kitenge kichwani. Anabandua lebo mbichi, anaigeuza, anaibandika tena kwa kidole gumba. Wala hana haraka.

"Shikamoo, mama," nikasema. Adabu ni adabu.

"Marahaba, mwanangu. Sogea, unanizibia mwanga."

Sauti ile! Ungekuwa wewe ungekimbia? Hata mimi ningekimbia, ila miguu ilikuwa imeshajiuzulu.

"Mama Ndeshi, tumekukosea nini?"

"Nimechoka kuchuchumaa. Kigoda changu kiko wapi?"

Akanipa mkono kama mtu anayeaga. Wa baridi, unanata. Nikapepesa macho, hayupo.

Nilipomweleza Elisante, badala ya kunicheka aliketi sakafuni. Sakafu ile ilikuwa na mteremko, akasema, na siku alipoifunga mashine ikawa inayumba. Basi akapasua kigoda cha zamani alichokikuta pale, akachonga kabari za kuweka chini ya miguu ya mashine. Hakuuliza ni cha nani.

Kwetu mlimani, ukimpelekea uliyemkosea jani la sale, hana budi kukusamehe. Elisante akazitoa zile kabari, akaweka vipande vya chuma. Kigoda akakiunga kwa misumari, akakirudisha mahali pake, akalaza jani la sale juu yake.

"Mama, nisamehe," akasema. "Nina mtoto mchanga."

Wageni walipofika akawasha mashine. Nilibana pumzi mpaka nikaona nyota. Chupa zikapita kando ya kigoda, moja baada ya nyingine, zikaingia kwenye kreti lebo zimesimama wima. Wageni wakapiga makofi. Elisante alilia, akasingizia vumbi.

Alifanya kazi pale mpaka akastaafu. Kigoda nacho kilibaki kando ya mashine, na hakuna aliyethubutu kukikalia, hata meneja. Na mimi? Kiganja alichokishika Mama Ndeshi kinanuka gundi ya muhogo hadi leo. Mke wangu amekisugua kwa ndimu, kwa majivu, kwa sabuni ya mche, amechoka.

Basi wewe unayeleta mashine mpya, ilete kwa amani. Ila kabla hujapasua kiti ulichokikuta, uliza nani alikuwa anakikalia. Usipouliza walio hai, mwenyewe atakuja kukujibu.