Nati ya Babu Darajani

Mwezi uliopita nilimpeleka binti yangu Kilosa kumwonyesha nati ya babu. Usicheke, rafiki yangu. Wenzetu wana makaburi ya kupalilia. Sisi tuna nati kwenye daraja la chuma la reli, juu ya Mto Mkondoa.

Babu alikuwa fundi wa reli. Mwaka mmoja wa mafuriko alitoka na spana yake kwenda kulikagua daraja, mto ukamchukua. Hakuonekana tena. Basi kila tulipovuka kwenda shamba la mpunga, bibi alitua kapu lake lililonukia mihogo ya kuchoma, akashika nati moja yenye rangi nyekundu. Hii aliikaza babu yenu, alisema. Tukaamkia kwa zamu, "Shikamoo, babu," na bibi akaitikia kwa sauti nzito ya kiume: "Marahaba, wajukuu zangu." Kisha akajitwika kapu, tukaendelea.

Safari hii sikuiona. Nati ni nyingi mno, na kwa kutu zote ni nyekundu. Nilikumbuka nguzo ya tatu, jua likiwa kushoto, lakini hata mto nao ulionekana kupita pengine. Nilitembea huku na huku mpaka nikaona aibu mbele ya mtoto.

Tukaenda Mabwerebwere kwa mama aliyekuwa jirani wa bibi, sasa mzee sana. Tulimwamkia, nikamweleza.

"Daraja la babu yako lilikwenda na maji yaleyale," alisema. "Hili walijenga baadaye."

"Sasa bibi alikuwa anashika nini?"

"Chuma kilichokuwepo. Rangi aliniomba mimi, ya kucha. Alisema watoto lazima wawe na pa kumwamkia babu yao."

Nilikasirika, halafu nikataka kulia, halafu nikatia shaka. Yule mama aliniita mara mbili kwa jina la dada yangu; huenda na madaraja anayachanganya. Bibi hayupo nimuulize.

Tulirudi darajani. Binti yangu hakutafuta. Alishika nati iliyokuwa karibu na mkono wake, akasema, "Shikamoo, babu," akanigeukia, akangoja.

"Marahaba, mjukuu wangu," nikaitikia. Nilitaka sauti nzito, ikatoka nyembamba.

Yeye alitosheka. Mimi mpaka leo sijui niliitikia kwa niaba ya babu au ya bibi.