Siku Televisheni ya Bibi Ilipolazwa Ubavu

Enzi zetu, sisi tuliokulia Kilwa Masoko wakati simu zilikuwa bado zimefungwa kwa waya ukutani, kila mchezo ulikuwa na mahali pake na jasho lake. Rede ilichezwa mbele ya nyumba, gololi penye vumbi laini nyuma ya soko, na kombolela popote palipokuwa na ukuta wa kujificha na mtu mzima wa kutufukuza. Tulirudi nyumbani wekundu kwa vumbi, vidole vikinuka chumvi na pilipili ya mihogo ya kuchoma, naye Mama akatupokea mlangoni kwa swali lisilohitaji jibu: "Nyinyi ni wanangu au ni matofali?"

Kisha likaja gemu. Bwana Akbar, ambaye babu yake alivuka bahari kutoka Bara Hindi na kufungua duka la vitambaa na sufuria, alilileta dukani humo kutoka Dar es Salaam: sanduku la mbao lililomzidi baba yangu kimo, lenye kijiti cha kuendeshea, vitufe viwili vyekundu, na kioo kilichosimama wima kama mlango. Ndani ya kioo hicho ndege moja ndogo ilipaa ikitungua ndege za adui zilizoiteremkia kutoka juu. Tulicheza kwa zamu, na aliyekusanya pointi nyingi ndiye aliyetembea mtaani kifua mbele.

Aliyetembea hivyo mara nyingi zaidi alikuwa dada yangu Zuhura. Nakiri bila aibu kwamba shahada yangu ya chuo kikuu haijanipa fahari kama ile niliyoipata kwa kuitwa "mdogo wake Zuhura".

Mpinzani wake alikuwa Saidi wa Kilwa Kivinje, aliyekuja kila sikukuu kwa shangazi yake. Zuhura alipomshinda, Saidi alirudi kwao akatangaza kwamba sanduku lile limemzoea msichana yule kama ng'ombe anavyomzoea mkamuaji. "Mpeni kioo kingine muone," akasema. Neno hilo lilifika Masoko kabla vumbi la basi halijatua. Zuhura akaapa kulijibu Idi ijayo, na ilikuwa lazima iwe Idi hiyo, kwa sababu baada yake angekwenda kusoma bweni Lindi, na Baba alikwishatoa hukumu: "Ukivaa sare ya bweni, gemu basi."

Ramadhani ikiwa inaelekea ukingoni, kioo cha sanduku kikazimika. Chumvi ya bahari, ambayo kwetu hula mabati, baiskeli na miwani ya wazee, ilikuwa imekifikia. Ajabu ni kwamba matumbo ya gemu yalikuwa hai: ndege zilivuma, mizinga ikalia, lakini hatukuona kitu. Tulisimama mbele ya giza tukisikiliza vita. Zuhura hakulia, alikwenda kukaa jikoni akachambua mchele wote wa Idi, hata ule uliokwishachambuliwa.

Bwana Akbar hakuwa mtu wa kukubali kushindwa na chumvi. Alimpigia simu mpwa wake Dar es Salaam, na basi likaleta kopo la biskuti lenye kidude kisichozidi ukubwa wa kipande cha sabuni. Alitueleza kwamba sanduku la gemu na televisheni ya nyumbani havisikilizani, kila kimoja kina lugha yake ya picha. Kidude hiki ni mkalimani, kinapokea picha za upande huu na kuzigeuza zieleweke upande wa pili. Kilichobaki ni kupata televisheni.

Televisheni iliyokuwa karibu ilikuwa ya Bibi Somoe, mama yake baba yetu, aliyeinunua kwa korosho zake na kuivika kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Zuhura alimpigia magoti. "Haya," Bibi akasema, "lakini nitafuatana nayo. Sijawahi kuiacha ikalala nje."

Basi Idi mosi, baada ya swala na pilau ya kwanza, televisheni ikabebwa hadi dukani, Bibi nyuma yake na kanga mpya. Bwana Akbar akaunganisha nyaya, picha ikatokea, sote tukapiga kelele, kisha tukainamisha vichwa pembeni. Ndege zilikuwa zikiruka kwa ubavu! Kioo cha sanduku kilikuwa kimesimama wima na cha televisheni kimelala; mkalimani alitafsiri picha, lakini hakujua kuisimamisha. Bwana Akbar akafikiri kidogo, akaishika televisheni akailaza kwa ubavu wa kuume, kioo kikielekea mlangoni, upande wa kaskazini.

Bibi akaruka kutoka kitini. "Subhanallah! Ubavu wa kuume, uso kibla! Akbar, umeialika televisheni yangu kwenye Idi, au kwenye mazishi yake?"

Duka zima likaona alichokiona. Ndivyo tunavyowalaza wafu wetu. Bibi akaanza kukunjua kanga yake aifunike, na kwangu mimi ilikuwa kama anaufunika uso wa Zuhura. Saidi, mkononi ana kachori, akaongeza chumvi kwenye kidonda: "Tena tazameni! Ndege za Masoko zinaruka kichwa chini!"

Kweli, picha ilikuwa imepinduka.

"Bibi Somoe, subira," akasema Bwana Akbar, jasho likimtoka. "Nimekosea upande. Inatakiwa ubavu wa kushoto."

Bibi akasita. Akaitazama televisheni, akamtazama mjukuu wake. "Wa kushoto hazikwi mtu," akaamua. "Geuzeni, mcheze."

Kwa kugeuzwa huko, kona moja ya kioo ikabaki na doa la kijani, lakini ndege zilipaa. Saidi alicheza vizuri, tena vizuri mno. Zuhura aliposhika kijiti, ndege yake ya kwanza ikatunguliwa mapema. Hapo ndipo Bibi, aliyekuwa hajawahi kuona gemu maishani, alipopaza sauti: "Kwepa, mwanangu! Huyo mwenye mkia mrefu! Mpige!" Kila adui akapewa jina na tusi la heshima. Zuhura akacheka, na pointi zake zikazipita za Saidi, huku ndege yake ya mwisho ikiwa bado hewani.

"Nimeshindwa na televisheni ya bibi," Saidi akanung'unika, akijipenyeza kuelekea mlangoni.

"Umeshindwa na mjukuu wangu," Bibi akamjibu, akimvuta shati. "Kaa hapa ule, baba. Anayeshindwa kwetu halali njaa."

Leo mkalimani wa namna ile anauzwa kila duka la simu, na mwanangu huunganisha magemu ya zamani na televisheni yake bapa bila kuomba ruhusa ya bibi yeyote. Juzi alishangilia peke yake chumbani. Nikamuuliza amemshinda nani.

"Sijui, baba. Mtu tu wa mtandaoni. Kashapotea."

Saidi asingeweza kupotea. Duka lilikuwa na mlango mmoja, na mlangoni aliketi Bibi na sinia la pilau.