Nilimwambia Ahame

Mwanangu alicheza mpira ambao hadi leo sizijui sheria zake vizuri. Si ule wa miguu. Ni ule wa Wamarekani, wa kofia ngumu na mabega ya plastiki, na yeye alisimama katika safu ya mbele, ambako kazi ni moja tu: kumzuia mtu wa upande wa pili asimfikie mrushaji. Miaka yote aliyocheza sikumwona hata mara moja akiushika mpira wenyewe. Nilipomuuliza kama haimuumi, alisema siku ambayo mtangazaji hakulitaja jina lake ndiyo siku aliyofanya kazi vizuri.

Alianzia hapa London. Alikuwa na miaka kumi na sita, kichwa kimeshafika juu ya mlango wa jikoni, na mwalimu wa michezo akampeleka kwenye klabu iliyofanya mazoezi katika kiwanja cha matope kando ya barabara kuu. Wakati huo nilikuwa naosha na kuvisha wazee katika nyumba ya wazee mtaani kwetu Barking, wikendi nyingi nikiwa kazini. Baba yake alikwisha kurudi Kenya na kuoa huko. Kusema kweli nilifurahi tu kwamba kijana ana mahali pa kuwa siku ya Jumamosi.

Alipofikisha miaka kumi na minane, kocha wa chuo kimoja kidogo cha Marekani alikuja kutuona. Mzee wa makamo, goti moja bovu, na siku hiyo lifti ya jengo letu ilikuwa imeharibika. Alipanda ngazi hadi ghorofa ya tano bila kulalamika. Nilipika chapati na ndengu na nyama ya mbuzi. Alitazama jinsi tunavyomega chapati, naye akamega vilevile, akala mpaka akamaliza.

Kisha akaniambia, "Mama, siwezi kukuahidi kwamba mwanao atakuwa tajiri. Chuo chetu hakina pesa. Ninachokuahidi ni kwamba akikaa na mimi miaka minne, ataondoka na shahada."

"Na wewe unataka nini kwangu?" nikamuuliza.

"Akichoka, mwambie amalize. Watoto wa mbali huwa wanachoka mwaka wa pili. Wakichoka, humpigia mama simu."

Nilimpa mkono. Nikasema atamaliza.

Miaka miwili ya kwanza ilikuwa mizuri. Mwanangu alisomea mambo ya viungo vya mwili, alitaka siku moja awe mtu wa kuwanyoosha wagonjwa hospitalini. Jumapili alinipigia nikiwa napiga pasi sare zangu za wiki. Mimi namsemesha Kiswahili, yeye ananijibu Kiingereza, ndivyo tulivyozoea tangu alipoanza shule. Krismasi mke wa kocha alinitumia picha: mwanangu mezani kwao, amevaa sweta la kuazima lililombana kifuani, anacheka.

Mwisho wa msimu wa pili alipiga simu siku ya Jumatano. Nikajua kuna jambo.

Alinieleza polepole. Siku hizi mchezaji akitaka kuhama chuo anaandikisha jina lake kwenye orodha, na vyuo vingine vinamchagua. Na siku hizi kampuni zinaruhusiwa kumlipa mwanafunzi ili zitumie sura yake katika matangazo. Kijana mmoja aliyejiita wakala alikuwa amemtafuta. Kuna chuo kikubwa, uwanja wake unabeba watu wengi kuliko mji wetu wa Voi, na walikuwa wanamtaka mtu wa safu ya mbele.

"Na kocha wako?" nikamuuliza.

"Kocha hana kitu cha kunipa, Mum. Yeye mwenyewe anasema hivyo."

Siku ya pili yake wakala akazungumza nami kwa simu ya video. Alikuwa nadhifu, meno mazuri, akaniita Mama kana kwamba nimemzaa. Alisema shida ni moja ndogo: mwanafunzi wa kigeni, kwa viza yake, haruhusiwi kufanya kazi hiyo akiwa Marekani. Kwa hiyo picha zingepigwa London wakati wa likizo, na malipo yangelipwa huku huku. Alitaja kiasi. Kilikuwa zaidi ya mshahara wangu wa mwaka.

"Na akiumia?" nikasema.

"Ufadhili wake wa masomo uko palepale."

Sikumwambia aniandikie hilo. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikumwambia. Mimi ambaye kazini siwezi kumpa mzee kidonge cha maumivu bila kuandika saa na sahihi, niliamini neno la kijana niliyemwona kwenye kioo cha simu kwa nusu saa.

Nilikuwa nimechoka, hilo ndilo ninaloweza kusema. Mgongo ulikuwa umeanza kukataa. Miaka kumi na minne nilikuwa nikiwaosha mama za watu, na mama yangu alikufa Voi nikiwa kazini, nikasikia habari zake kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Niliona mlango umefunguka, nikaogopa usije ukafungwa. Sikumfikiria kocha wala ule mkono niliompa. Nilimwambia mwanangu ahame.

Akaniuliza kwa Kiswahili, "Una hakika, Mama?"

Kiswahili chake ni cha nadra. Alikitumia mara ya mwisho siku tulipomzika bibi yake kwa kutazama kwenye simu. Ilinipasa nisimame hapo, nisikilize. Nilisema, "Nina hakika, baba. Nenda."

Kocha hakunipigia. Mimi pia sikumpigia.

Mwezi wa saba wakaja watu wanne na taa zao nyumbani kwetu. Kampuni ilikuwa inauza sosi ya kupaka nyama choma katika jimbo lile la chuo kipya, na walitaka tangazo la mchezaji akila kwa mama yake. Nilikuwa nimevaa gauni langu la kanisani, la bluu. Binti mmoja akanipa kitambaa cha rangi kali, akaniomba nijifunge kichwani. Nilimwambia kwetu hatufungi hivyo. Akasema kitapendeza tu kwenye picha. Nikafunga. Mchuzi niliopika tangu asubuhi wakaumwagia mafuta juu ung'ae, wakapanga chupa zao mezani, wakamwambia mwanangu acheke. Akacheka. Wakamwambia acheke tena. Kisha wakataka aseme "chakula cha mama" kwa Kiswahili, na alipoyasema, mmoja wao akamwomba ayaseme kwa lafudhi ya Kiafrika zaidi.

Mwanangu alinitazama. "Samahani, Mum," akasema kwa sauti ya chini, kisha akayasema kama walivyotaka.

Walipoondoka nilimwaga ule mchuzi. Haukulika.

Pesa zilikuja, siwezi kudanganya. Nilijengea kaburi la mama yangu, nikaacha shifti za wikendi. Kwa miezi michache nililala Jumamosi hadi jua likaingia dirishani.

Msimu ulipoanza nilimtazama kwenye kompyuta. Uwanja mkubwa, kelele kama mvua ya mawe juu ya mabati, na yeye hapo mbele, jina mgongoni. Alicheza mechi nne. Baada ya hapo nikawa namtafuta kwenye benchi. Alisema kocha mkuu anawazungusha wachezaji. Kisha kocha mkuu mwenyewe akaondoka kwenda chuo kingine kilichompa zaidi, na kocha mpya akaja na wachezaji wake kutoka kule alikotoka.

Huyo mpya alimwita kila mchezaji ofisini. Mwanangu alikaa mle ndani kwa muda wa kunywa chai. Aliambiwa ufadhili wake unaishia mwisho wa mwaka wa masomo na kwamba ingekuwa vizuri aandikishe jina lake tena kwenye orodha. Aliandikisha. Wakala alimwambia asubiri, kisha akawa hapokei simu, kisha namba ikawa haipatikani. Orodha ilikuwa na mamia ya vijana kama yeye. Hakuna chuo kilichomwita. Bila chuo hakuna viza, na mwezi wa sita nilimpokea uwanja wa ndege na mabegi mawili.

Ndani ya gari la rafiki yangu wa kanisani alitazama nje ya dirisha mpaka tulipokaribia nyumbani. Hapo ndipo aliponiambia kwamba chuo cha pili kilikuwa kimekataa karibu nusu ya masomo aliyofanya kwenye chuo cha kwanza. Kwa karatasi, miaka yake mitatu ilikuwa kama miwili tu.

Nilikaa wiki mbili nikijishauri, kisha nikampigia kocha wa kwanza. Nilikaa kitandani, mlango nimefunga. Aliitambua sauti yangu mara moja.

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nafasi yake nimempa mtoto mwingine," akasema. "Na mama yake nimemwahidi kama nilivyokuahidi wewe. Siwezi kumtoa."

"Naelewa."

"Sikukasirika kwamba aliondoka. Wengi wanaondoka siku hizi, na mimi sina cha kuwazuilia. Nilidhani tu mmoja wenu angenipigia."

Nilimwomba msamaha. Akasema yamepita. Halafu akauliza, "Bega lake linaendeleaje?"

"Bega gani?"

"Nilimwona kwenye televisheni, mechi yake ya tatu. Alikuwa hanyanyui mkono wa kushoto ipasavyo. Nilidhani unajua."

Mechi ile mimi pia niliitazama. Nilikuwa nimeita majirani wawili, nimekaanga mandazi. Sikuona kitu.

Nilimkuta mwanangu jikoni. Nikamwambia avue fulana. Alitaka kubisha, kisha akavua kwa mkono mmoja, na hapo nikaelewa kwamba tangu arudi alikuwa anavua hivyo kila siku. Bega la kushoto lilikuwa limeshuka kidogo kuliko la kulia.

"Kwa nini hukusema?"

Alijibu bila kunitazama. Alisema angesema, wangemtoa, na akitolewa kampuni ya sosi ingeweza kuvunja mkataba. Na mimi nilikuwa nimeshaacha shifti za wikendi. "Ulikuwa unalala," akasema. "Ulikuwa na furaha."

Nilimrudishia fulana, nikamsaidia kuivaa.

Hospitali walisema limechanika ndani muda mrefu, upasuaji una foleni ndefu, na hata likishonwa mchezo ule umekwisha. Siku hizi anapokea simu katika ofisi ya teksi kwenye mtaa wa Walthamstow. Fomu ya chuo kimoja cha hapa aliianza, akafika mahali panapouliza kwa nini aliacha masomo, akaifunga kompyuta. Muda wa kuituma ukapita. Sikumsukuma. Mara ya mwisho nilipomwambia la kufanya, alifanya.

Mimi nimerudi kwenye shifti za wikendi.

Wakati tunasubiri barua ya upasuaji, walimpa utepe mrefu wa mpira wa kuvuta na karatasi ya mazoezi. Mkono ukifika usawa wa sikio lazima mtu mwingine aushike. Kazi hiyo naijua, ninaifanya kwa wazee kila siku. Jioni nikitoka kazini anakaa kwenye kiti cha jikoni, nami nasimama nyuma yake, nauinua mkono polepole, tunahesabu. Anahesabu Kiingereza, mimi Kiswahili. Kuna siku tunafika kumi. Siku nyingine anasema inatosha tukiwa tatu au nne, nami naushusha mkono wake na kuwasha jiko.