Salamu za Ilembo kwa Buddha

Mimi ni mtu wa kukaa kijijini Ilembo. Safari yangu ndefu huishia sokoni. Dar nilifuata kitu kimoja tu: kumrudisha dada yangu, maana nyumbani tumemkumbuka mno. Yeye akanipeleka kutalii hekalu la Wabudha.

Tukavua viatu. Ndani, sanamu ya Buddha ilikaa kimya kama mkubwa anayesubiri kusalimiwa, basi nikachuchumaa, nikapiga makofi taratibu kama tunavyowaamkia wakubwa kwetu.

“Mshamba wewe, watatufukuza!” dada akanong'ona akicheka.

“Sasa nimpite mkubwa bila salamu?”

Akachuchumaa pembeni yangu, naye akapiga makofi.

“Mama bado mnamwamkia hivi?”

“Kila asubuhi. Sote, isipokuwa wewe.”

Alibaki amechuchumaa, nami nikaogopa kuinuka kwanza.