Jela Isiyo na Ngazi

Orval Stidham alikuwa fundi wa majeneza, na kwa kuwa alishazoea maiti, watu wa Kaunti ya Redbud, huko milima ya Kentucky, walimpigia kura awe pia mkaguzi wa vifo. Mtu akifa ghafla, yeye ndiye humtazama na kuandika kilichomuua. Ungedhani ni kazi nyepesi. Lakini mtu akifia jela mikononi mwa sherifu, utaandika nini nawe una mke, karakana na shingo moja tu? Kwa miaka kumi na sita Orval aliandika alichoambiwa: marehemu ameanguka ngazini. Mara saba aliandika hivyo. Mimi simsafishi. Alikuwa mwoga, na mwenyewe alijijua.

Sherifu Burl Maggard alikuwa na mkono mzito. Jela ilikuwa yake, mbwa walikuwa wake, na manaibu sita aliwachagua mwenyewe kati ya shemeji na binamu, akawaapisha na kuwabandika nyota za unaibu vifuani. Wakati wa mgomo wa wachimba makaa ya mawe alivunja watu taya kwa kitako cha bunduki, mchana kweupe, waumini wakitoka kanisani. Hakuna aliyemgusa, maana mwenye kukamata watu ndiye huyo huyo.

Mwezi wa Machi walimkamata Denzil Noble, mchimba makaa wa miaka ishirini na miwili, kwa kugawa karatasi za chama cha wafanyakazi. Kesho yake akaletwa karakanani amelazwa juu ya ubao. Orval akafunua turubai. Mbavu za upande mmoja zilikuwa zimevunjika zote, sikio limechanika, na mgongoni palikuwa na alama ya kisigino cha buti, hata misumari yake ungeweza kuihesabu. Naibu aliyemleta alisema kijana ameteleza. Orval akashika kalamu, na mkono ukajiendea wenyewe kama ng'ombe anayejua njia ya zizini: ameanguka ngazini.

Mama yake Denzil, Verdie Noble, ndiye aliyekuwa mfagiaji wa jela. Alikuja kumwosha mwanawe, akaomba asomewe ile karatasi kwa sababu hakujua kusoma. Orval akamsomea. Yule mama aliendelea kufuta damu sikioni, akasuuza kitambaa, akakikamua.

"Ndugu Orval," akasema, "jela ya zamani iliungua mwaka juzi. Hii mpya naifagia mimi kila siku. Haina ngazi hata moja."

Orval aliwahi kuingia humo mara kumi. Mazoea yalikuwa yamempofusha. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, akaichana ile karatasi na kuandika nyingine: amepigwa mpaka kufa.

Sasa, katika kaunti ile sherifu hakamatwi na naibu wake wala na polisi wa mji. Sheria, tangu enzi za mababu, ilimpa kazi hiyo mtu mmoja tu, mkaguzi wa vifo, na hakuna aliyewahi kuthubutu kuifanya. Hakimu wa kaunti, aliyekuwa na kinyongo na Burl tangu uchaguzi, aliisaini hati ya kumkamata aliyopelekewa na Orval, bila kukaa chini, kisha akajifungia ndani.

Saa sita mchana Orval akaingia jela. Burl na manaibu wake walikuwa wanakula maharage na mkate wa mahindi.

"Umekuja kunipima jeneza, Orval?" Burl akauliza, na meza nzima ikacheka.

Orval akaikunjua hati, akaanza kusoma. Burl akainuka, akamtandika mdomoni kwa kitako cha bastola. Meno mawili yakadondoka sakafuni. Orval akaiokota karatasi, akaendelea pale alipoishia, damu ikimtiririka kidevuni. Burl akampiga risasi ya goti. Akaanguka, akapiga kelele ya maumivu, kisha akamalizia kuisoma amekaa chini.

"Nyota zenu zinatoka kwake," akawaambia manaibu. "Yeye sasa ni mshtakiwa, na kwa sheria ile ile sherifu mpaka uchaguzi ni mimi, mkaguzi wa vifo. Akifyatua tena, nyie si manaibu. Ni wanaume sita waliosimama na muuaji, na mtasimama naye kizimbani."

Burl akainua bastola. Estill, shemeji yake mwenyewe, akamvunja mkono kwa kiti. Wengine wakamrukia, wakampiga kwa ufundi ule ule aliowafundisha, mateke ya mbavu, visigino vya mgongo, hadi Orval akawafokea waache, kwamba huyu afike mahakamani akiwa mzima.

Burl alipofungiwa ndani, Verdie akatoka ukumbini na ndoo yake. Akavua aproni, akapiga magoti, akaanza kulifunga goti la Orval. Orval alidhani atashukuriwa, na moyoni alishaanza kujiona mtu.

"Mwanangu wa kwanza, Clell," Verdie akasema bila kumtazama. "Yeye alifia jela ya zamani. Ile ilikuwa na ngazi."

Orval alimkumbuka Clell. Alikuwa wa tatu kati ya wale saba.

"Alianguka?" Verdie akauliza.

"Hapana, dada Verdie. Hakuanguka."

Verdie akaikaza aproni kwa nguvu mpaka Orval akauma meno yaliyobaki. Kisha akamshika kwapani.

"Basi inuka," akamwambia, "ukaandike."