Nyumba Iliyohama na Waifai

Kwetu Kulamawe mtandao wa simu unatosha kutuma ujumbe na kungoja jibu. Ukitaka kumwona mtu sura, utamwona jicho moja, kisha picha inaganda. Nami si mtu wa kungoja. Nilirudi nyumbani kumwangalia baba baada ya mwili wake kupooza upande mmoja, nikasema nitakaa mwezi. Mwezi ukawa mwaka, na kila niliposikia gari barabarani, miguu iliniwasha. Watu walinizoea nikizunguka na simu juu kama mtu aliyepoteza mbuzi mbinguni.

Baba alishinda mlangoni kwenye kiti chake, akitazama wanaopita. Wakipita watu wa kuhama, ngamia wamebeba nyumba na vyombo, alikuwa hawaachi hivi hivi. Mnaelekea wapi? Mvua imenyesha wapi? Kuna nani huko? Ulimi wake ulikuwa mzito, sentensi moja ilimchukua muda, lakini ngamia walisimama mpaka amalize. Kwetu hiyo ndiyo salamu ya njiani. Mwenye kuhama hajitangazi, anangoja aulizwe, na aliyemuuliza hubaki na habari yake kwa yeyote atakayemtafuta. Mimi nilisimama nyuma ya kiti nikitazama saa. Niliona ni maneno mengi ya bure.

Basi nikaamua kwamba kama ni lazima nikae, nitakaa na waifai. Mwenye duka mmoja, Mmeru aliyekaa nasi miaka mingi, alikuwa na kisahani cha intaneti juu ya paa lake, akakubali tugawane. Tatizo lilikuwa kile kilima kati ya duka lake na nyumba zetu, kwa sababu mawimbi ya waifai hayaruki kilima. Ilibidi kuwe na kisanduku pale juu, kione duka upande mmoja na kituone sisi upande wa pili. Na pale juu palikuwa na nyumba moja tu, ya mjane tuliyemwita ayo, yaani mama.

Ilikuwa nyumba ya Kiborana hasa, fito zilizopindwa na mikeka juu yake. Nilisimika nguzo ya chuma ubavuni mwake, nikafunga kisanduku kwenye ncha, nikapitisha waya ndani hadi kwenye betri chini ya kitanda chake. Kazi yake ayo ilikuwa kufuta vumbi kwenye sola na kufukuza mbuzi. Naye kila Ijumaa, baada ya swala ya alasiri, binti yake anayefanya kazi za nyumbani Uarabuni alimpigia, wakaonana uso kwa uso. Siku ya kwanza ayo aligusa kioo cha simu kwa kidole, kisha akaanza kumgombeza binti kwa kukonda. Niligeuka nikajifanya nakaza waya.

Nyumba tisa zilipata waifai kupitia kwa yule mama. Kwa wiki chache nilikuwa mtu wa maana. Hata hivyo sikutulia. Mara nipande nikageuze kisanduku kidogo kulia, mara nishuke kupima, mara nipande tena.

"Wewe uko kama ngamia ya kupe kwa sikio," ayo aliniambia. "Kaa chini, kunywa chai."

Sikukaa. Nilikuwa nimeshaomba kazi Nairobi bila kumwambia mtu, hata baba. Wakanijibu kwamba watanihoji kwa video, Ijumaa saa tisa. Wiki hiyo sikulala vizuri wala chakula hakikupita. Niliitaka ile kazi mpaka nikaona aibu kuitaka hivyo mbele ya baba.

Ijumaa asubuhi, saa tatu, nikafungua simu nikakuta waifai imekatika. Nikazima, nikawasha. Nikampigia mwenye duka. Huko ilikuwa sawa. Nikapanda kilima mbio, nikiwa nimeshaandaa maneno ya kumwambia ayo kuhusu mbuzi wake.

Hapakuwa na nyumba. Palikuwa na duara la udongo uliofagiliwa, majivu, mawe matatu ya jiko, na nguzo yangu imesimama peke yake kama mjinga. Kisanduku hakipo, sola haipo, betri haipo.

Mvua ilikuwa imenyesha mbali huko siku chache kabla, na kila mtu aliisikia isipokuwa mimi. Nimezaliwa hapa. Najua mama wa Kiborana anaweza kuvunja nyumba yake alfajiri na jua likamkuta njiani. Nilipima kilima, nikapima umbali, nikapima jua la kulisha sola, na haikunipitia akilini kwamba nyumba yenyewe inatembea. Nililia kidogo pale juu, kwa hasira.

Gari la kwenda Isiolo mjini, ambako ningepata mtandao wa kuhojiwa, lilikuwa limeshaondoka. Nikachukua bodaboda, tukafuata nyayo za ngamia.

"Boss, hawa wametoka mapema sana," dereva alisema. "Lakini usijali, ngamia haina gia."

Tuliwapata karibu saa tano. Ngamia watatu, ayo mbele ameshika kamba, mkwe wake nyuma. Nilishuka kabla pikipiki haijasimama.

"Salaam aleikum, ayo. Kisanduku changu kiko wapi?"

"Aleikum salaam. Iko hapa, salama." Akapigapiga mzigo wa ngamia wa kwanza. "Kwani ningeiacha? Nyumba ikihama, kitu ya nyumba haibaki nyuma kwa majivu. Hiyo ni kama kuacha mtoto."

Nilimwambia nakihitaji leo hii, kabla ya saa tisa. Akanitazama, kisha akatazama mbele walikokuwa wakienda.

"Huko mbele haitashika?"

"Haitashika, ayo. Lazima kione duka."

 Nadhani alikuwa amebeba ile Ijumaa yake pamoja na mikeka, akitumaini itafanya kazi popote atakaposimamisha nyumba. Kisha akavuta kamba, ngamia akanung'unika na kupiga magoti. Kisanduku kilikuwa chini kabisa, kimefungwa ndani ya leso katikati ya gorfa zake, vile vyombo vya kusuka vya maziwa, ili kisigongwe. Walifungua kamba zote. Wakashusha fito, wakashusha mikeka, kwenye jua lile, na mimi nikisaidia vibaya kwa sababu macho yalikuwa kwenye saa. Kazi hiyo ilichukua karibu saa nzima, na hakuna aliyelalamika.

"Saa tisa kuna nini?" aliuliza akinipa betri.

"Kuna watu wa kazi wataniuliza maswali."

"Basi hata wewe unahama." Alicheka. "Unaelekea wapi?"

"Nairobi, ayo."

"Huko kuna mtu yako?"

"Hakuna bado."

"Mungu akuwekee mtu. Na msichana yangu akipiga leo, mwambie niko sawa."

"Nitamwambia."

Alibaki amesimama ameshika kamba, ananitazama, kana kwamba bado kuna jambo. Nilidhani anangoja shukrani. Nikamshukuru sana, nikampa soda niliyokuwa nimejibebea, nikapanda pikipiki.

Saa nane na nusu kisanduku kilikuwa juu ya nguzo. Saa tisa na dakika chache walianza kuniuliza. Nilijibu vizuri, sitajidai kwamba sikujibu vizuri. Katikati ya maswali simu yangu ikaanza kutetemeka mezani, namba ya Uarabuni. Binti alikuwa na namba yangu kwa siku ambazo simu ya mama yake ilimkatalia. Nikakata. Ikaita tena, nikakata. Ya tatu nikaigeuza uso chini. Wale watu waliniambia nijiandae kuanza mwezi ujao, nikafunga kompyuta nikicheka peke yangu.

Ndipo nikampigia binti. Alikuwa amevaa ushungi mpya.

"Kaka, simu ya mama imezimwa. Kuko salama?"

"Salama kabisa. Wamehama leo. Nimemwona mwenyewe, na amesema nikwambie yuko sawa."

"Alhamdulillahi." Akashusha pumzi. "Wameelekea wapi?"

 Mbele ya pale nilipowaacha njia inagawanyika, moja inakwenda mtoni, moja Gotu, na nyingine hata siijui mwisho wake.

"Kaka? Si umemwona?"

"Nimemwona."

"Mmeongea?"

"Tumeongea. Saa nzima."

"Na hukumuuliza?"

Nyuma yangu, mlangoni, baba aligeuza kichwa polepole kunitazama. Waifai ilikuwa nzuri jioni hiyo kuliko siku zote. Niliuona uso wa yule binti wote, na haukuganda hata mara moja.