Mkutubi Aliyekaza Kupita Kiasi

Tangu ajifungue, mkutubi alikuwa akikaa kwa nusu: tako moja kitini, jingine hewani, kiwiliwili kimeinama kama cha mtu anayesikiliza umbeya wa chumba cha pili. Wasomaji waliorudisha vitabu mezani kwake walidhani ni madaha ya usomi. Kumbe ni maumivu, tena ya mahali ambapo yeye, pamoja na shahada yake na rundo la kamusi nyumbani, hakuwahi kupataja kwa sauti.

Mtu mwingine angemwuliza nesi. Yeye alikwenda rafuni. Alichomoa kitabu cha afya ya mama baada ya uzazi, akakifunika kwa kitabu cha ufugaji wa kuku, akajiazimisha huku akiangaza macho kama mwizi wa hao kuku wenyewe. Alisoma ukurasa mmoja, amesimama wima nyuma ya kabati. Chini ya nyonga, ukasema, ipo misuli inayobeba kibofu na kizazi. Mimba na uzazi huweza kuilegeza. Wengi husaidiwa na zoezi la kuikaza na kuiachia. Ukurasa uliofuata ulieleza nani asifanye zoezi hilo, ila huo hakuufikia, maana mtu alikohoa mlangoni.

Basi akaanza kukaza. Hilo neno "kuiachia" aliliona kama la kujazia nafasi. Tangu utotoni alikuwa mwanafunzi wa kushika namba ya kwanza, na hakuona sababu ya kupata wastani katika somo la nyonga. Akigonga muhuri, anakaza. Akipanga magazeti, anakaza. Akisubiri chai ichemke, anakaza, macho yamemtoka kama yuko kwenye mtihani wa hesabu. Maumivu yakizidi, anajilaumu kwa uvivu, anaongeza bidii.

Nyumbani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mumewe, fundi rangi asiyekuwa na maneno mengi, alipomsogelea, mkutubi alisema amechoka. Mara nyingine akasema mtoto ataamka. Mara nyingine akasingizia joto, na mvua inanyesha. Mwishowe mume alichukua mto wake akahamia kochi la sebuleni.

"Nakupisha upumzike, Mama Kidoti," alisema. Kidoti ndiye binti yao mchanga, mwenye alama nyeusi shavuni.

Alisema kwa adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyomtisha mkutubi. Walikuwa wameanza kupishana mlangoni wakiombana radhi kama wapangaji. Alijua kwamba akiendelea kunyamaza atampoteza. Alijua pia kwamba ataendelea kunyamaza; kunyamaza ndiyo kazi aliyoajiriwa kuisimamia.

Aliyemwokoa ni wifi yake, msusi, aliyekuja kumsuka, akamwekea kigoda.

"Kaa basi."

"Nimekaa."

"Wifi, hapo hujakaa. Unafanana na kuku aliyetaka kutaga akabadili mawazo. Unaumwa wapi?"

"Mgongo."

"Mgongo wako uko huko chini? Hebu vaa viatu, twende kliniki. Na mtoto mlete huku, usimkumbatie kama ngao."

Kliniki ilikuwa na chumba chenye pazia la kijani, kitanda kilichotandikwa karatasi na nyonga ya plastiki juu ya meza. Mtaalamu wa viungo, mwanamke mwenye mikono mipana na sauti ya taratibu, alimwacha wifi nje na mtoto.

"Karibu, mama. Tatizo nini?"

"Mgongo," mkutubi aliiambia ile nyonga ya plastiki.

"Sawa. Unauma ukikaa?"

"Ndiyo."

"Ukienda haja?"

"Kidogo."

"Ukiwa na mumeo?"

Mkutubi alitazama pazia, dari, kisha viatu vyake. "Huo mgongo," alisema, "unauma kila mahali."

Mtaalamu hakucheka. Alimweleza atakachofanya, akaomba ruhusa, akavaa glovu, akampima polepole.

"Sasa legeza."

"Nimelegeza."

"Hapo umekaza."

"Na sasa?"

"Umekaza zaidi. Mama, kuna zoezi lolote unafanya?"

Hapo mkutubi alisahau haya, maana aliona swali la kupatia alama. Alieleza yote: muhuri, magazeti, chai. Mtaalamu alivua glovu, akakunja ngumi mbele ya uso wake.

"Shika ngumi hii kutwa, kila siku. Mkono utauma au hautauma?"

"Utauma."

"Ndiyo nyonga yako. Wapo waliolegea, hao tunawafundisha kukaza. Wewe umekaza mpaka misuli imesahau njia ya kurudi. Acha kabisa hilo zoezi. Vuta pumzi, tumbo lijae, huku chini kuachie kwenyewe. Utakuja kila wiki, tutaenda polepole. Tendo la ndoa lisubiri, na lisije likafanywa kwa kuvumilia. Mumeo anajua?"

"Anajua nimechoka."

"Basi mwambie. Hilo siwezi kukufanyia mimi."

Njiani mkutubi alitunga hotuba yenye utangulizi, kiini na hitimisho. Alimkuta mumewe jikoni akimenya viazi, rangi nyeupe imemkauka kwenye nyusi, na hotuba yote ikayeyuka.

"Naumia," alisema. "Kule. Tangu nijifungue. Si kwamba sitaki. Naogopa. Nimetoka kliniki, wanasema nimejikaza mno."

Kisu kilisimama katikati ya kiazi.

"Kwa hiyo hujanichoka?"

"Nikuchoke wewe? Nilidhani wewe ndiye uliyenihama."

"Mimi nilihama kwa sababu kila nikikusogelea unashtuka kama umeona nyoka. Mama Kidoti, wewe unasoma vitabu vyote vile, hukuona hata kimoja cha kunielezea mimi?"

"Nilikuwa nasoma cha kuku."

Alimweleza na hilo, mpaka habari ya kujificha nyuma ya kabati, na mume akacheka mpaka akashika sinki. Kisha akafuta mikono.

"Itachukua muda gani?"

"Hawajui. Polepole, wamesema. Kwa sasa ni kulala tu."

"Kulala tu mbona naweza. Lile kochi linanivunja shingo."

Alikwenda sebuleni mchana ule ule, viazi vikiwa nusu vimemenywa, akarudi na mto kwapani akaupeleka chumbani. Mkutubi alivuta kiti akakaa, bado kwa upande mmoja, akaendelea na viazi alipoachia mumewe.